Maji ya Tatu

Jumanne asubuhi, Chancelvie aliingia katika ua wa kaka yake akiwa amejitwika sufuria yake mwenyewe. Si kwamba nyumba ile ilikosa sufuria. Zilikuwapo nne, zimesuguliwa kwa majivu mpaka mtu anajiona uso, zimepangwa kifudifudi juu ya meza ya jikoni. Chancelvie alizipita bila kuziangalia. Akaitua ya kwake, akatoa chumvi yake katika karatasi, akatoa mafuta yake katika kichupa cha dawa ya kikohozi, na mwisho, kutoka pindo la kitenge, akatoa kiberiti. Wifi yake, Kahambu, alikuwa amechuchumaa anapepea makaa kwenye mbabula, jiko lake la bati. Chumvi na mafuta aliyavumilia. Alipokiona kile kiberiti, aliacha kupepea.

"Jambo, Chancelvie," alisema. "Beko wazima kule nyumbani?"

"Wazima wa wapi? Mama hata sasa anashindwa kusimama. Acha ile mbabula. Miye njo nitapika."

"Utapika kwangu?"

"Nitapikia kaka yangu na mutoto yake. Weye upike yako, ukule yako."

Jamani, kuna matusi mtu anaweza kuyajibu. Akiitwa mvivu, atajibu. Akiitwa mchoyo, atajibu na kuongeza. Lakini mwanamke akiambiwa kwamba moto wake hauwezi kupikia mtoto wake, atajibu nini? Kahambu aliinuka, akapangusa magoti, akasogea pembeni. Makaa yalikuwa yameshika vizuri. Alikuwa ameyawasha yeye, na wifi yake akakaa akapika juu yake, hata kile kiberiti hakukihitaji.

Yote hayo yalizaliwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa siku ya furaha. Abigaël, binti wa Kahambu na Clément, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amepokea komunyo yake ya kwanza. Baada ya misa ukoo wote na majirani walikusanyika hapo hapo mtaa wa Katuba, nyumbani kwa Clément, wakala kuku watatu, bukari, yaani ugali, na wali, maharagwe, na lile beseni kubwa la saladi ya kabichi na nyanya iliyochanganywa na mayonezi, ambalo bila hilo sherehe ya Lubumbashi haiitwi sherehe. Watu walikula, wakacheza, wakapiga picha. Jumatatu kulipokucha, sita kati yao walikuwa wanaharisha na kutapika. Mama Christiane, mama mkwe, ndiye aliyezidiwa kuliko wote wa nyumbani. Clément alishikwa na tumbo, mdogo wake Donat alishikwa, Chancelvie alishikwa, jirani Léa alishikwa, na Abigaël mwenyewe alilala sebuleni na gauni lake jeupe limetundikwa ukutani, macho yameingia ndani.

Na Kahambu, mpishi? Hata chafya hakupiga.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Kahambu ni wa Kivu ya Kaskazini, alikuja Lubumbashi kwa biashara ya dada yake, akaolewa na Clément, mtoto wa Wakasai waliozaliwa Katuba. Miaka minane watu wa mtaa walimwita Mama Abigaël. Jumatatu jioni, kwenye foleni ya kuchota maji, akawa "ule mama wa Kivu". Mmoja alisema bantu ba kule banajuaka dawa. Mwingine akauliza, kama chakula kilikuwa kibaya, kwa nini yeye ni mzima? Swali hilo lilivuka mitaa mitatu kabla jua halijazama.

Chancelvie alipomaliza kupika, alimlisha Abigaël uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Kisha akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Unafanya nini?" Kahambu aliuliza.

"Mutoto atakuwa kwangu. Na samedi Mama atakuwa na nguvu, tutakutana hapa, famille yote. Miye nitasema mbele yako, sisemake pembeni: weye uende kwanza kwa dada yako Espérance kule ville, katikati ya muji. Upumuzike. Nasi tupumuzike."

"Na Abigaël?" Kahambu aliuliza, akihesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi.

"Abigaël ni wa kwetu."

Mtoto aliangalia mama yake, akaangalia shangazi yake. "Mama, nitarudia leo?" aliuliza. Kahambu alimfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, maana mikono ilikuwa inataka kazi. "Enda na tantine," alisema. "Nitakuya kukuchukua." Walipotoka getini alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akalia.

Clément alirudi saa kumi na moja, uso umenyauka. Alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, na siku hiyo alikuwa amekwenda kazini akiwa na tumbo linalomsokota ili wakubwa wasimnung'unikie. Alikuta sahani ya Chancelvie imefunikwa mezani. Akala. Kahambu alikaa mbele yake akimtazama anavyomega, anavyochovya, anavyomeza.

"Clément, weye unaamini?"

"Nani amesema ninaamini?"

"Sikuuliza nani amesema. Nimekuuliza weye."

Clément aliweka tonge sahanini. "Mama anagonjwa, Kahambu. Mutoto aligonjwa. Bantu banasema. Unataka nifanye je, nibafunge kinywa? Tungojee samedi."

"Samedi banataka kuniondoa humu, na mutoto abaki."

"Ni kwa siku kidogo tu."

Kahambu aliinuka. Alikuwa anampenda mwanamume yule, na ni mwanamume mwema, habishi na mtu, hapandishi sauti. Siku hiyo aliona ubaya wa kutobishana na mtu. Akamwondolea sahani, akaenda kuiosha, akaisugua mpaka mkono ukauma.

Jumatano alikwenda kituo cha afya kutafuta vipakiti vya unga wa maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mama mkwe. Alijua kabisa kwamba havitapokewa kutoka mkononi mwake, angempa Donat avipeleke. Muuguzi aliyemhudumia aliitwa Mardochée, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu walimwita docteur, naye alikuwa amechoka kuwakatalia.

"Docteur," Kahambu alisema kwa sauti ya chini, "kuko namna ya kupima muntu kama alipewa sumu?"

Mardochée aliacha kuandika. "Sumu gani? Bantu ngapi?"

"Sita. Banasema ni miye." Akamweleza yote, hata kiberiti.

"Balikula nini?"

"Kuku, bukari, muchele, maharagi, salade."

"Bote balikula byote?"

"Ilikuwa fête, docteur. Bote balikula."

"Apana, mama. Hata kwenye fête kila muntu anakulaka yake. Kuko mwenye anakatala nyama, kuko mwenye anakatala majani. Enda uulize mumoja mumoja, uandike. Usiulize bagonjwa tu. Bazima njo batakuambia mengi."

Basi Kahambu alirudi nyumbani, akachukua daftari la hesabu la Abigaël ambalo lilikuwa limebaki na kurasa nyeupe mwishoni, akapiga mistari. Jina, alikula nini, tumbo. Alijiona mjinga kidogo, mwanamke mzima na daftari la mtoto. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Alianzia nyumbani kwa wakwe zake, mtaa wa pili. Donat alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha maji. Alipomwona anakuja, alikivuta kikombe kifuani, akakifunika kwa kiganja. Kisha akaona kwamba Kahambu amemwona, akaona haya, lakini kiganja hakukiondoa.

"Donat, dimanche, siku ile ya komunyo, ulikula nini?"

"Byote. Kuku, muchele. Salade nilirudilia mara mbili."

Akaandika. Akaviweka vile vipakiti vya Mama kando yake. Nyuma ya pazia la chumba kitanda kililia. "Donat, ni nani?" ilikuwa sauti ya Mama Christiane, nyembamba.

"Ni miye, mama," Kahambu alijibu. "Ninakuya kuuliza, siku ile ulikula nini?"

Kitanda kililia tena. Halafu: "Donat, mwambie aulize mwenye alipakua."

Aliyepakua alikuwa Kahambu. Alisimama mbele ya pazia lile la maua. Mama Christiane hakuwa mama mkwe wa vituko. Ndiye aliyemfundisha kusonga bukari laini, ndiye aliyemkanda mgongo siku Abigaël alipozaliwa. Ndiyo maana maneno yale yalimchoma kuliko ya Chancelvie. Akaandika: Mama, byote. Alikumbuka mwenyewe alivyomjazia sahani.

Uani, Papa Édouard, baba mkwe, alikuwa anafungua redio kwa kisu. Yeye alimwita karibu kama siku zote.

"Papa, dimanche ulikula nini?"

"Firigisi zote tatu, ni haki yangu. Mapaja mawili. Muchele, maharagi. Na bukari, usisahau bukari."

"Na salade?"

"Majani mabichi?" Mzee alimtazama juu ya miwani. "Kahambu, miaka tisa uko kwetu. Uliniona siku gani nikikula majani mabichi? Miye ni mbuzi?"

"Na tumbo?"

"Tumbo gani? Jana nilikula sombe ya bote, majani ya muhogo ya kupikwa, ju balikuwa banagonjwa. Nikasema, kama mambo iko hivi, bagonjwe tena."

Kahambu alicheka. Hakuwa amecheka tangu Jumapili, na kicheko kilimtoka vibaya, karibu na kilio. Akaandika.

Kwa Chancelvie hakwenda, asije akafukuzwa mbele ya mtoto. Ilibaki nyumba ya Léa, jirani wa ukuta mmoja. Léa hakufungua geti. Alisogeza kibao kidogo cha kuchungulilia, likabaki jicho moja na nusu ya pua.

"Miye usiniulize," alisema Léa. "Nilitapika mpaka nikaona nyota. Nilizidi bote."

"Pole sana. Kuku ulikula ngapi?"

"Kuku? Weye unanijua ama haunijui? Kwetu kuku ni mwiko tangu bankambo, babu ba babu. Sikugusa kuku. Nilikula muchele na salade. Salade nyingi, ju ilikuwa tamu, Mungu anihurumie."

"Hukugusa hata supu?"

"Nimekuambia ni mwiko!" Kibao kikafungwa.

Kahambu alisimama njiani na kalamu mkononi. Pikipiki ilimpigia honi, hakusogea. Papa Édouard alikula kuku kuliko watu wote, na tumbo lake lilikuwa linaomba nyongeza. Léa hakugusa kuku, naye alizidi wote. Na yeye Kahambu, saladi iliisha kabla hajakaa. Alikula shingo na kibawa, amesimama mlangoni mwa jikoni. Haikuwa kuku. Ilikuwa saladi.

Alirudi karibu anakimbia. Sasa alikuwa na la kusema. Kabichi alikuwa ameinunua sokoni kwa Mama Chola, muuzaji wa siku zote, na kabichi hutoka mashambani, nani anajua ilimwagiwa nini? Jibu lilikuwa jepesi na tamu. Akaingia jikoni, akaona ubao wa kukatia umeegemezwa ukutani na kisu pembeni yake, na ile Jumapili nzima ikamrudia.

Siku hiyo bomba lilikuwa kavu siku ya nne. Maji yalikuwa ya kununua, bidoni, yaani madumu ya maji, zilihesabiwa kama watoto. Mama Christiane alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakata kuku, maana katika nyumba ile kukata kuku ni kazi ya mama mkwe: kwenye maungo, kamwe si katika mfupa, na mtu asiyejua asiguse. Kisha kuosha. Mama Christiane huosha kuku maji tatu, na ndivyo anavyopima wanawake wa watu. Fulani anaosha maji moja, ni mchafu. Fulani anaosha mbili, anajitahidi. Maji ya kwanza ya damu, yakamwagwa. Maji ya pili ya ndimu na chumvi, yakamwagwa. Maji ya tatu yalibaki katika beseni yakiwa meupe, unaona mpaka chini. Na Kahambu alipoinua beseni kuyamwaga, mama mkwe alisema: "We! Maji iko ya kuuza, unamwanga? Hii ya tatu iko safi. Suuza nayo ubao, tupate ya kupikia."

Akasuuza nayo ubao. Akasuuza nayo kisu. Na kwa sababu beseni lilikuwa bado limejaa na maji yalikuwa meupe kabisa, akatosa humo nyanya zote, akazigeuza kwa mkono, akazitoa zinang'aa. Hilo la nyanya hakuambiwa na mtu. Kisha juu ya ubao ule, kwa kisu kile, akakata kabichi.

"Yesu," alisema Kahambu peke yake jikoni.

Ijumaa alikwenda tena kwa Mardochée na daftari. Muuguzi alilisoma mstari kwa mstari, akasikiliza habari ya beseni, akatikisa kichwa taratibu.

"Ni yenyewe. Kuku mubichi iko na vidudu, havionekanake. Moto unaviua, njo maana kuku yako haikufanya mubaya. Lakini maji inavitawanya tu. Ya kwanza, ya tatu, hata ya kumi. Viko kwenye beseni, kwenye ubao, kwenye mikono, vinaruka mpaka kwenye sahani. Na salade haipite kwenye moto."

"Kwa hiyo muntu aoshe namna gani?"

"Asioshe, mama. Aipike mpaka iive mpaka ndani. Na mikono na sabuni, na ubao na sabuni, na majani ikatwe kwanza, nyama nyuma."

Kahambu alifunga daftari. "Docteur, nikisema salade tu, nikanyamaza hapo, batasema ni kabichi ya Mama Chola."

"Inawezekana."

"Nikisema yote, ni hii mikono yangu."

Mardochée alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Ile ni ya famille yenu," alisema. "Miye nitakuambia tu, ukinyamaza, fête ingine batagonjwa tena."

Jumamosi walikusanyika uani kwa Clément. Viti vilikuwa vya nyumba tatu. Papa Édouard alikaa kwenye kiti cha mikono. Mama Christiane aliingia ameshikwa na Donat, kitenge kimempwaya kiunoni, na alipopita mbele ya Kahambu hakumwangalia. Clément alisimama karibu na mlango. Chancelvie alikuja na mwanawe Ariel wa miaka mitano, na Abigaël akiwa amemshika mkono. Mtoto alipomwona mama yake alijichomoa. Chancelvie alimrudisha, si kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Upande wa pili wa ukuta kikohozi kilisikika. Léa alikuwa amekwisha kuchukua nafasi.

"Tuseme kifupi," alianza Chancelvie. "Bantu sita. Mwenye alipika ni mumoja, na mwenye alipika ni muzima. Miye sina mengi."

"Nina ulizo moja," alisema Kahambu. "Chancelvie, dimanche ulikula salade?"

"Nilikula! Na niliharisha siku nzima!"

"Ariel naye?"

"Ariel? Ule mutoto hata umupige hakule majani. Alikula kuku tu, kuku na muchele, mpaka nikamwambia..." Chancelvie alimgeukia mwanawe.

"Na tumbo yake ilikuwa je?"

Ariel, aliyesikia anatajwa, alifunua shati akaangalia tumbo lake. Papa Édouard alikohoa kuficha kicheko.

Kahambu akafungua daftari. Akawasomea: Papa, kuku nyingi, salade hapana, mzima. Léa, kuku hapana, salade, mgonjwa. "Ni kweli!" ilisema sauti nyuma ya ukuta. Donat, salade mara mbili, mgonjwa sana. Clément, kidogo, mgonjwa kidogo. Yeye mwenyewe, hakuipata. Alipofika mwisho wa ukurasa, Clément alitoka mlangoni akaja kusimama nyuma yake, akasoma juu ya bega lake.

"Basi ni kabichi," alisema Clément haraka, kama mtu aliyeona mlango wazi. "Kabichi ya soko. Imeisha."

Na kweli ingeisha. Watu walikuwa wameanza kupumua. Kahambu aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, neno moja tu, ndiyo, kabichi, na mtoto wake angelala nyumbani siku hiyo hiyo.

"Kabichi ya Mama Chola haikuwa na neno," alisema. "Ni miye. Nilisuuza ubao na kisu na maji ya kuku. Tena nikatia nyanya ndani. Halafu nikakata salade. Docteur ameniambia, ile maji inakuwaka na vidudu. Sikutia sumu. Lakini mikono ilikuwa hii." Akaifungua mbele yao, viganja juu. "Munisamehe."

Kisha Chancelvie akaruka: "Haya! Bote mumesikia? Amekubali mwenyewe! Ni mikono yake, amesema, ni..."

"Chancelvie, nyamaza."

Ilikuwa ile sauti nyembamba. Mama Christiane alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Maji gani?" aliuliza. Na kwa mara ya kwanza wiki nzima alimwangalia mkwe wake usoni. "Kahambu, maji gani? Sema yote."

"Maji ya tatu, mama."

"Kwa nini haukuimwanga?"

Kahambu alitazama chini. Mama Christiane alingoja, akaelewa kwamba hatajibiwa, hata kama watakaa pale mpaka giza.

"Alitaka kuimwanga," mama mkwe aliwaambia wengine. "Alishainua beseni. Ni miye nilimukataza. Nilimwambia iko safi." Akatazama viganja vyake. "Miaka arobaini ninaosha kuku maji tatu. Mama yangu aliosha maji tatu. Bibi ya bantu akiosha moja, ninamucheka. Na mjukuu yangu karibu afe na usafi yangu." Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. "Siku tano ninalala pale, nasikia banasema sumu, na miye ninanyamaza. Nilikuwa ninajua huyu mutoto hana sumu. Nilikuwa ninajua! Lakini tumbo ilikuwa inaniuma, na muntu akiumwa anatafuta wa kumushika. Kahambu, nimekukosea."

Kahambu alitaka kusema si kitu. Lakini ilikuwa kitu, tena kikubwa. Alipiga magoti tu mbele ya mama mkwe, na yule mama akamshika kichwa kwa viganja viwili. Chancelvie aliangalia pembeni. Baada ya muda akamwachia Abigaël mkono.

Papa Édouard ndiye aliyewaondoa pale. "Maneno imeisha," alisema, "na njaa?" Akamtuma Donat akanunue kuku.

Kahambu aliwasha mbabula. Kabichi alikata kwanza, na nyanya, akiisha kuziosha kwa maji ya bomba lililokuwa limerudi, akafunika beseni na kuliweka mbali, juu ya kabati. Ndipo kuku aliyenyonyolewa akaletwa. Mama Christiane alikalia kigoda chake, akatengenezewa ubao wake peke yake, akakata kwenye maungo, kamwe si katika mfupa. Alipomaliza alinyoosha mkono kutafuta beseni.

"Apana, mama. Hatuoshe."

"Hata mara moja?"

"Moto njo utaosha."

"Aka!" Mama Christiane aliangalia vipande vile kwa huruma, kama watoto wanaotaka kwenda kanisani bila kunawa. "Na bantu bakisikia?"

"Batasikia tuko bazima."

Mama mkwe aliguna, lakini aliacha vipande vitiwe sufuriani kama vilivyo. Kahambu akamwagia maji mikono, akampa sabuni. "Tena, mama. Katikati ya vidole." Mama Christiane akasugua tena, akinung'unika kwamba hata alipokuwa bibi arusi hakuogeshwa hivi. Chancelvie alisimama mlangoni hajui akae wapi. Kahambu alimtupia kitambaa na kipande cha sabuni. "Sugua ile ubao," alimwambia. "Pande mbili." Naye akasugua.

Harufu ya vitunguu ilipopanda, kichwa cha Léa kilijitokeza juu ya ukuta. Alitaka kuuliza, akatafuta namna ya kuuliza. "Mama Christiane, pole na kugonjwa. Kuko... kuko nani anapika leo?"

Mama Christiane aliinuka kwenye kigoda, taratibu, akishika ukuta. Alimngoja Kahambu ashushe sufuria, achome kipande kwenye unene wake kuona kama maji yanayotoka ni meupe, apakue. Kisha, mbele ya jirani na mbele ya watoto wake wote, alinyoosha kiganja kitupu.

"Nitilie humu," alimwambia Kahambu. "Na mukono yako."

Kahambu alichukua kipande cha paja, akakipuliza, akakiweka katika kiganja kile. Mama Christiane alikula. Alitafuna bila haraka, akameza, akalamba vidole vitatu. "Mama Abigaël njo anapika," alimjibu Léa kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni ya maji. Kisha akageuka. "Abigaël, kuya huku. Kaa kwa mama yako, ukule."